Timu Nzuri, au Timu Iliyopata A?

Kuna sentensi moja ambayo ukisoma makala za utafiti kuhusu elimu ya uhandisi lazima ukutane nayo, kama si kwenye muhtasari basi kwenye hitimisho: timu za wanafunzi zenye tabia nzuri za ushirikiano hupata matokeo bora. Inasikika vizuri. Inafanana na tulichokaririshwa tangu utotoni, kwamba kidole kimoja hakivunji chawa. Na kwa kuwa inafanana na tunachokiamini tayari, wengi tunaipita tu. Leo naomba tusiipite. Ukiangalia jinsi ushahidi wake unavyokusanywa mara nyingi, utaona tundu kubwa, na tundu hilo linakuhusu hasa wewe unayesubiri kupangiwa kikundi muhula ujao.

Tuelewane mapema ili nisije nikashikwa shati. Sisemi ushirikiano hauna maana. Hakuna mtu aliyewahi kupima udongo, kuchora daraja, kusuka nondo na kumwaga zege peke yake. Ninachobishana nacho ni kipimo. Tunasema tumepima "tabia za timu", tunasema tumepima "matokeo", kisha tunachora mstari kati ya hivyo viwili, wakati huenda tumepima kitu kimoja mara mbili.

Makala ya kawaida ya aina hii huwa hivi. Wanafunzi wa mwaka wa pili au wa tatu wanagawanywa kwenye timu za watu wanne au watano. Wanapewa mradi wa muhula mzima: pampu ya maji, roboti ndogo inayofuata mstari mweusi sakafuni, daraja la vijiti. Muhula ukifika mwisho wanajaza dodoso. Je, wenzako walisikiliza mawazo ya wengine? Mlikuwa na malengo ya pamoja? Mligawana kazi kwa haki? Kila swali linajibiwa kwa namba, 1 hadi 5. Mtafiti anachukua wastani wa majibu, anauweka kando ya maksi za mradi, anapiga hesabu ya uhusiano, na uhusiano unaonekana. Timu zilizojipa 4 na 5 ndizo zilizopata A. Makala imekamilika, na chuo kina kitu cha kuonyesha.

Hilo la "cha kuonyesha" si dogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, ABET, chombo kinachotoa ithibati kwa programu za uhandisi Marekani, kilipitisha vigezo vipya vilivyovitaka vyuo vithibitishe, pamoja na mambo mengine, kwamba mhitimu anaweza kufanya kazi ndani ya timu. Mkataba wa Washington, uliosainiwa mwaka 1989 na vyombo vya ithibati vya nchi kadhaa, nao leo unaiweka kazi ya timu kwenye orodha ya sifa za mhitimu. Sasa chuo kikiambiwa "thibitisha", kitatafuta namba. Na hakuna namba inayopatikana kirahisi kama ya dodoso.

Tundu lenyewe liko wapi? Mwaka 1975 mtafiti Barry Staw alichapisha jaribio ambalo, kwa maoni yangu, lingebandikwa ukutani kwenye kila ofisi inayosambaza madodoso ya namna hii. Aliwaweka washiriki kwenye vikundi vidogo, akawapa takwimu za fedha za kampuni fulani, akawaomba wakadirie mauzo na faida kwa kila hisa vitakavyokuwa baadaye. Walipomaliza, baadhi ya vikundi viliambiwa vimefanya vizuri, vingine vikaambiwa vimefanya vibaya. Kisha wote wakajaza dodoso kuhusu jinsi kikundi chao kilivyofanya kazi.

Ujanja ni kwamba matokeo waliyoambiwa hayakuwa ya kweli. Nani aambiwe amefaulu na nani aambiwe amechemka ilipangwa kwa bahati nasibu, sawa na kurusha shilingi juu. Hakukuwa na tofauti ya maana katika kazi yao. Lakini vikundi vilivyoambiwa vimefaulu vilisema vilikuwa na mshikamano zaidi, mawasiliano mazuri zaidi, ari kubwa zaidi, na uwazi zaidi wa kupokea mabadiliko. Walioambiwa wamechemka walijipa alama za chini katika mambo hayo hayo. Watafiti wengine walirudia majaribio ya namna hiyo miaka iliyofuata na kuona mwelekeo huo huo.

Soma tena polepole. Ushirikiano haukuleta matokeo. Habari za matokeo ndizo zilizotengeneza kumbukumbu ya ushirikiano.

Na usidhani walikuwa wanadanganya. Fikiria kikao cha saa mbili ambapo watu wawili walibishana vikali kuhusu ukubwa wa mota, mmoja akanyamaza muda wote, na mwingine akaamua mambo mwishoni bila kuuliza mtu. Roboti ikitembea, utakumbuka hivi: tulijadiliana kwa uwazi, tukawa na kiongozi mwenye maamuzi, kila mtu akamwamini mwenzake. Roboti ikikwama: tuligombana, fulani alikuwa mzigo, na fulani alijifanya bosi. Kikao ni kile kile. Kilichobadilika ni mwisho wa hadithi, na binadamu huwa tunasimulia kuanzia mwisho kurudi nyuma.

Utasema: lakini wanafunzi wanajaza dodoso kabla maksi hazijatoka. Mara nyingine ndiyo. Ila mwanafunzi wa uhandisi hahitaji kusubiri maksi ili ajue alikofikia. Roboti imetembea au haijatembea. Daraja limebeba kilo 20 au limevunjika mbele ya darasa zima, watu wakicheka. Pia kuna maksi za ripoti ya awali, kuna sura ya mhadhiri siku ya prezentesheni, na kuna kuchungulia meza ya jirani. Wiki ya mwisho ya muhula kila timu inajua kama iko juu au iko chini.

Haki itendeke pia kwa upande wa pili. Jaribio la Staw lilikuwa la muda mfupi, la watu walioketi pamoja kwa kazi moja na kuachana. Timu iliyokaa pamoja wiki 15 ina kumbukumbu halisi nyingi, na si rahisi kuzipaka rangi zote kwa neno moja la mhadhiri. Kwa hiyo inawezekana athari hii ni ndogo zaidi darasani kuliko ilivyokuwa kwenye jaribio. Sawa. Lakini huo ni mzigo wa mwandishi wa makala, si wako. Yeye ndiye anayetakiwa kutuonyesha kwamba dodoso lake halijachafuliwa na matokeo, na kwenye makala nyingi za aina hii suala hilo linapewa sentensi moja kwenye sehemu ya "mapungufu ya utafiti", baada ya hapo hitimisho linaandikwa kana kwamba sentensi hiyo haipo. Kwa hiyo ukikutana na makala ya namna hii, kabla hujaangalia namba zozote, tafuta kitu kimoja: dodoso lilijazwa lini?

Kuna tatizo jingine ambalo nitalipitia haraka kwa kuwa ni la kawaida kwenye sayansi ya jamii yote. Mwanafunzi anayefika kikaoni kwa wakati, anayesoma alichotumiwa kwenye grupu la WhatsApp na kujibu kwa adabu, mara nyingi ndiye huyo huyo aliyefaulu hesabu za mwaka wa kwanza. Timu yenye watu wawili wa hivyo itaonekana ina "tabia nzuri" na itapata maksi nzuri, bila tabia hizo kuwa chanzo cha maksi. Watafiti makini hujaribu kuondoa athari hii kwa kuingiza GPA kwenye hesabu zao. Wasipofanya hivyo, weka alama ya kuuliza pembeni.

Hesabu yenyewe nayo ina mtego. Nikupe mfano wa kubuni. Darasa lina wanafunzi 120, wamegawanywa kwenye timu 24, na kila timu inapewa maksi moja ya mradi. Ukiona jedwali limeandika kwamba sampuli ni 120, shtuka. Maksi zilizopo ni 24 tu, kila moja imenakiliwa mara tano. Ni kama kuwauliza abiria watano walioshuka kwenye daladala moja kwamba wamechelewa dakika ngapi, kisha ukadai una vipimo vitano vya foleni ya Dar es Salaam. Una kimoja. Zipo njia za takwimu zinazotambua kwamba watu wamo ndani ya timu, na baadhi ya makala zinazitumia vizuri. Zisipotumika, uhusiano dhaifu unavaa koti la uhakika ambao hauna.

Halafu kuna jambo linalogeuza kabisa maana ya majibu. Katikati ya miaka ya 1990, Amy Edmondson alichunguza timu za wauguzi hospitalini, na swali lake lilikuwa la moja kwa moja: je, timu bora hufanya makosa machache ya dawa? Takwimu zikaja kinyume. Timu zenye uongozi na mahusiano mazuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi yaliyoandikwa. Maelezo aliyofikia ni kwamba timu hizo hazikukosea zaidi, bali watu wake hawakuogopa kusema walipokosea. Mwaka 1999 alichapisha kazi iliyofanya wazo hilo lijulikane sana kwa jina la usalama wa kisaikolojia. Lirudishe kwenye dodoso letu: timu ambayo watu wanaambiana ukweli inaweza kabisa kujaza 2 kwenye swali la "tuligawana kazi kwa haki", na timu ambayo watu wanaogopana ikajaza 5 kila mahali. Yaani namba kubwa inaweza kuwa dalili ya hofu. Kwa kuangalia namba peke yake huwezi kujua.

Sasa tuje kwenye "matokeo", upande wa pili wa ule mstari. Hapa ndipo penye uzito kuliko kote.

Miaka ya 1880, Mfaransa Max Ringelmann, naye mhandisi, wa kilimo, alikuwa akipima nguvu ya watu wanapovuta kamba peke yao na wanapovuta pamoja. Alichapisha mwaka 1913. Kwenye jedwali lake, ukichukua nguvu ya mtu anayevuta peke yake kuwa 100, wakiwa wawili kila mmoja anatoa wastani wa 93, wakiwa watatu 85, na wakifika wanane 49. Watu wanane wanavuta kama wanne hivi. Ringelmann mwenyewe alidhani sababu kubwa ni kukosa mpangilio, yaani hawavuti kwa sekunde ile ile. Lakini mwaka 1974 watafiti wa Marekani walimfunga mtu kitambaa machoni, wakamwambia kuna wenzake nyuma yake wanavuta, kumbe yuko peke yake. Nguvu yake ilipungua vilevile. Mpangilio haukuwa na kosa hapo, maana hakukuwa na mtu wa kupangana naye. Mwaka 1979 Bibb Latané, Kipling Williams na Stephen Harkins walitumia kelele na makofi badala ya kamba na wakaona jambo hilo hilo.

Kiswahili kina neno la tabia hii, na ni zuri kuliko msamiati wa saikolojia: kutegea. Kila kikundi kina mtu wake. Kwenye makala za wahandisi wa Marekani wanamwita kwa jina la anayeomba lifti barabarani, na sisi tungemwelewa mara moja: kakaa kiti cha nyuma, kafunga mkanda, anakuuliza mmefika wapi.

Ila angalia kilichofuata. Mwaka 1981 watafiti wale wale watatu walionyesha kwamba watu wakiamini sauti ya kila mmoja inaweza kutambulika, hata wanapopiga kelele kwa pamoja, kutegea kunatoweka. Watu ni wale wale na kazi ni ile ile. Kilichoongezwa ni kujua kwamba mchango wako unaonekana.

Aliyesoma shule ya msingi yenye shamba hahitaji kuelezwa jambo hili na Latané. Mwalimu wa zamu hakuwaambia darasa la tano "limeni shamba lile" na kwenda zake. Alipima ngwe, huyu yako hapa mpaka pale, na yule ya kwake inaanzia hapo. Jioni akipita, ngwe yenye majani ina jina. Chuo kikuu, mahali ambapo watu wamefika kwa kuchujwa mara tatu nne, tunarudi kwenye "limeni shamba lile", tunatoa maksi moja kwa shamba zima, halafu tunashangaa kwamba kuna watu walikaa kivulini. Kisha tunawapa dodoso waeleze tabia zao.

Kuna watu waliolifanyia kazi jambo hili kwa umakini, na sitaki niwafiche. Matthew Ohland, Misty Loughry na wenzao walitengeneza chombo kinachoitwa CATME, ambacho makao yake yako Chuo Kikuu cha Purdue. Kila mwanafunzi anawapima wenzake wote na kujipima mwenyewe kwenye maeneo matano: anachangia kazi, anahusiana vipi na wenzake, anasaidia timu isipotee njia, anadai ubora, na ana ujuzi unaotakiwa. Kizuri chake ni kwamba huulizwi "mwenzako ni mzuri kiasi gani?" Unapewa maelezo ya mienendo inayoonekana na unachagua unaofanana na wa mwenzako. Mfumo pia unamtahadharisha mhadhiri kukiwa na dalili za ajabu, mfano watu wawili wanaopeana alama za juu na kuwashusha wengine wote, au mtu anayejiona yuko juu sana kuliko wenzake wanavyomwona.

Hiyo dalili ya mwisho ni ya kawaida kuliko unavyofikiri. Michael Ross na Fiore Sicoly walichapisha mwaka 1979 utafiti uliohusu, miongoni mwa watu wengine, wanandoa 37. Kila mmoja aliulizwa anachangia kiasi gani kwenye shughuli za nyumbani. Ukijumlisha madai ya mume na ya mke, kwa shughuli nyingi jumla inazidi asilimia 100. Unakumbuka vizuri vyombo ulivyoosha wewe. Kwenye timu ya watu watano ni hivyo hivyo: usiku ule uliokesha unahangaika na saketi unaukumbuka wote, wa mwenzako hukuuona.

CATME ni hatua kubwa, lakini nayo ni maoni ya watu kuhusu watu, na ikijazwa wiki ya mwisho tu inarudi kwenye tundu la Staw. Nguvu yake iko katikati ya muhula, wakati bado kuna cha kurekebisha na hakuna anayejua mradi utaishaje. Chombo kizuri kikitumiwa wakati mbaya kinatoa namba mbaya zenye sura nzuri.

Je, kuna njia ya kupima tabia bila kuuliza mtu? Ipo. Mwaka 2010 Anita Woolley na wenzake walichapisha kwenye jarida la Science utafiti wa watu 699 waliofanya kazi kwenye vikundi vya watu wawili hadi watano. Badala ya kuwauliza walivyoongea, kwa sehemu ya vikundi walitumia vifaa vidogo vya kuvaa vilivyorekodi nani anaongea na kwa muda gani. Vikundi ambavyo watu wachache walishikilia maongezi vilifanya vibaya zaidi kuliko vile ambavyo zamu za kuongea ziligawanyika. Uwezo wa kusoma hisia za wenzako nao ulienda sambamba na mafanikio ya kikundi, na wastani wa akili wa mtu mmoja mmoja ulieleza kidogo tu. Kwenye sehemu ya pili ya utafiti huo, kazi ya kupimia ilikuwa ya usanifu wa jengo kwa vipande vya kujengea, jambo lisilo mbali sana na darasa letu.

Usikimbilie kuitundika hiyo nayo ukutani. Mwaka 2017 Timothy Bates na Shivani Gupta walifanya majaribio yao wakaona akili za wanakikundi mmoja mmoja zinaeleza karibu kila kitu. Mwaka 2021 kundi la akina Woolley, safari hii makala ikiongozwa na Christoph Riedl, lilirudi na data za vikundi 1,356 likitetea hoja ya kwanza. Mabishano bado yapo. Lakini ona tofauti ya ubora wa mabishano yenyewe: hapa watu wanabishana kuhusu vitu vilivyorekodiwa, si kuhusu kumbukumbu za wiki ya mwisho wa muhula.

Hata hivyo tuseme tumepima tabia vizuri, tumehesabu timu badala ya vichwa, na uhusiano umebaki pale pale. Bado nina ugomvi na neno "matokeo". Maksi ya mradi inapima mradi. Haimpimi mwanafunzi. Na njia ya uhakika kuliko zote ya timu kupata A mnaijua: anayejua kuchora kwa kompyuta achore, anayejua kodi aandike kodi, mwenye Kiingereza kizuri aandike ripoti, mwenye mdomo aprezenti. Kila mtu afanye anachokijua tayari. Ukiwapa dodoso watajaza 5 kwenye swali la mgawanyo wa kazi, na watakuwa wakweli. Mradi utapendeza. Na aliyeingia hajui kodi atatoka hajui kodi, ila sasa ana A inayosema anajua.

Huko mbele, anayesajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu ni mtu mmoja mmoja. Hakuna atakayekwenda na wenzake wanne wa mwaka wa tatu wamjibie maswali. Hakuna atakayewapigia simu akiwa saiti, saa kumi jioni, zege limeshafika na fundi anamuuliza nondo ni za milimita ngapi.

Na mgawanyo huo wa "kila mtu afanye anachokijua" haugawanyiki hewani. Lorelle Meadows na Denise Sekaquaptewa wa Chuo Kikuu cha Michigan walichunguza prezentesheni za timu za wanafunzi wa uhandisi na kuona wanaume ndio waliowasilisha sehemu kubwa zaidi ya mambo ya kiufundi. Kama wewe ni msichana kwenye darasa la umeme au mitambo, sidhani nakuambia kitu kipya: una mwandiko mzuri, basi andika, una mpangilio, basi kuwa katibu. Ni sifa, zinatolewa kwa tabasamu, na kila moja inakusogeza hatua moja mbali na benchi la kazi.

Nilanjana Dasgupta na wenzake walilichunguza hili kwa jaribio la kweli, lililochapishwa mwaka 2015. Wanafunzi wa kike wa uhandisi walipangwa kwa bahati nasibu kwenye vikundi vya watu wanne ambamo wanawake walikuwa asilimia 25, 50 au 75. Kwenye vikundi ambavyo wanawake walikuwa wengi, waliongea zaidi kuliko kwenye vikundi vya nusu kwa nusu na vile ambavyo msichana alikuwa mmoja tu, na hii haikujali mwaka wa masomo. Wa mwaka wa kwanza walikuwa na wasiwasi mkubwa zaidi walipokuwa peke yao kati ya wavulana watatu. Angalia nguvu ya mpangilio huu wa utafiti: kwa kuwa watu walipangwa kwa bahati nasibu, huwezi kusema walioongea zaidi ndio waliokuwa wasemaji tangu mwanzo. Na kumbuka desturi ya kumpa kila kikundi msichana mmoja "ili wagawanyike sawa". Inapendeza kwenye orodha iliyobandikwa ubaoni. Kwa jaribio hili, ndiyo hali iliyokuwa mbaya zaidi kwao.

Ningependa kuona nini basi? Kitu kimoja cha bei nafuu ambacho mhadhiri yeyote anaweza kukifanya muhula ujao bila kununua programu wala kuandika pendekezo la utafiti. Siku ya prezentesheni aje na vikaratasi vya kura. Kila sehemu ya mradi ina kikaratasi chake: hesabu za mzigo, saketi, kodi, gharama, mchoro. Kila mwanakikundi anachota kimoja palepale mbele ya darasa na kuieleza sehemu hiyo, kisha anaulizwa maswali mawili, na maksi anapata yeye. Aliyeandika ripoti anaweza kuchota saketi. Kikundi kikijua hivyo tangu wiki ya kwanza, kukesha pamoja kutakuwa kwa kufundishana, na yule wa kiti cha nyuma ataanza kuuliza maswali mapema, kwa sababu zake mwenyewe.

Mtafiti naye angepata alichokuwa anakitafuta: maksi 120 zilizo za watu 120, za kuweka kando ya tabia zilizorekodiwa kabla mtu yeyote hajajua mwisho wa hadithi. Kikwazo ni muda. Timu 24 kwa dakika 25 kila moja ni saa 10 kamili za mhadhiri mmoja, ambaye ana madarasa mengine mawili na rundo la karatasi za sapu mezani. Dodoso linachukua dakika 10 kwa darasa zima, na ukilituma kwa simu hulazimiki hata kuwepo.